Dakika ya Kumi na Saba



Ndugu zetu wasomaji, akina mama na mabinti mnaolipokea jarida hili kila wiki, leo tumekuja kwenu na habari ya kimashine. Huenda baadhi yenu mkauliza: sheikh na mambo ya video, wapi na wapi? Tustahimilieni hadi mwisho. Habari yenyewe ni ya video iliyokuwa ikikatika kila ifikapo dakika ya kumi na saba, lakini ndani yake mna deni la marehemu, mna mtoto aliyedhulumiwa kwa ulimi, na mna neno moja tulilomwambia mama yetu mzazi ambalo hadi leo likitujia usiku hatulali tena.

Sisi ni wazaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, ila riziki ilitutoa huko ikatupandisha bara, ikatuteremsha Mai Mahiu, ikatupitisha Naivasha na Gilgil, ikatuweka Nakuru, mtaa wa Bondeni. Huu ni mwaka wetu wa ishirini na mbili hapa. Tulipofika Nakuru ulikuwa mji. Tangu tarehe 1 Desemba 2021 umekuwa jiji. Baridi yake haikubadilika kwa cheo hicho. Jiji hili liko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,850, na ifikapo mwezi wa Julai mtu wa pwani hujiuliza amekosa nini.

Mwezi kama huo ndio mama yetu alikuja kututembelea miaka mitatu kabla ya kufariki kwake. Kila Jumamosi baada ya Alasiri mama watoto huwasomesha wanawake wa mtaa hapa nyumbani, na mama alipokuja aliombwa ashike darsa. Akalishika kwa wiki tatu. Wanawake walimpenda kwa kuwa hakuwa na makuu. Alikuwa akisomesha huku anachambua mchele, na akikosea neno alisema wazi kuwa amekosea. Aliporudi Mombasa kwa ghafla, kwa maradhi ya ndugu yake, wengi walilia.

Baada ya hapo miguu ilimkatalia. Kutoka Mombasa hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 600, na safari hiyo hakuiweza tena. Ndipo binti yetu, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mmoja na amekwenda kwa Bibi wakati wa likizo, alipomshauri: "Bibi, nikurekodi, wakakusikilize Nakuru." Mama hakuwahi kukubali kupigwa picha maisha yake yote ila ile ya kitambulisho. Safari hii alikubali kwa sharti moja: ionekane mikono yake na msahafu tu, uso usionekane. Basi mtoto akaazima simu ya ami yake, akaitia memori kadi yetu, akaisimamisha juu ya mito miwili, akabonyeza. Kisha Bibi akamtuma dukani, naye akabaki peke yake akizungumza na wanawake wa Bondeni kama kwamba wamekaa mbele yake mkekani. Ilikuwa mwezi wa Januari. Kadi ikaja Nakuru mfukoni mwa binti yetu.

Simu zetu za hapa nyumbani hazina nafasi ya kadi. Tulichokuwa nacho ni kile kimashine cha mkononi cha kuchezea video ambacho madukani hukiita MP5, chenye kioo cha inchi 4.3 na spika yenye sauti nyembamba. Mama watoto alikipenda kwa darsa kwa sababu hakipigiwi simu wala hakiingii ujumbe, na kinaweza kupelekwa nyumba hadi nyumba kwa wagonjwa wasioweza kutoka. Tukaitia kadi, wanawake wakakaa, sauti ya mama ikatoka. Wengine walifunika nyuso kwa ncha za buibui wakalia kwa furaha.

Ilipofika dakika ya kumi na saba, picha ikaganda. Sauti ikakwama katikati ya neno, ikarudia silabi moja mara tatu au nne, kisha kioo kikawa cheusi na kimashine kikajizima na kujiwasha upya. Tukaanza tena. Dakika ya kumi na saba, vilevile. Mara ya tatu, vilevile. Wanawake wakasema, "Haidhuru, tumeshapata faida," wakaenda zao.

Usiku ule mama alipiga simu. Akauliza, "Mmeiona?" Tukajibu, "Tumeiona, mama. Wamefurahi mno." Akauliza, "Na lile la mwisho, mmelisikia?" Ndugu zetu, hapa ndipo. Tulikuwa tumechoka, kesho yake tuna safari ya Gilgil kwa mazishi, na hatukutaka kumhuzunisha mzee kwa kumwambia kuwa kazi yake imekatika. Tukadhani la mwisho ni dua. Tukasema, "Tumelisikia. Litafanyika, inshallah." Akashusha pumzi ndefu tukaisikia hadi huku. Akasema, "Alhamdulillah. Basi nimepumua."

Kosa la pili tulilitenda asubuhi yake. Wiki ile ile binti yetu alikuwa amekishika kimashine hicho akabadilisha lugha ya menyu, kwa kuwa kilitoka dukani kikiandika Kichina. Tulipojua hilo hatukuuliza la pili. Tulimwita mbele ya nduguze tukamwambia kuwa ameharibu kazi ya Bibi yake kwa kuchezea asichokijua, na kwamba asikiguse tena. Alijaribu kusema neno, tukamnyamazisha. Alikiweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka kikombe cha chai ya moto, akatoka.

Mama yetu alifariki mwezi wa Mei, Mwenyezi Mungu amrehemu na ailaze roho yake mahali pema. Tulishuka Mombasa, tukazika, tukakaa matanga. Baadaye tulikaa na ndugu zetu tukaulizana kama kuna deni, na kila mmoja akasema hajui deni. Tukagawa kile kidogo alichokiacha: bangili, cherehani na akiba ya chama.

Nyuma yake video ile ikawa kitu cha kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wanawake walisikiliza dakika kumi na saba, kimashine kikafa, wakamsomea Fatiha, wakaondoka. Ikawa kama kwamba darsa lilipangwa kuishia hapo. Mtu huzoea hata kilichovunjika.

Mtauliza, mbona hatukutafuta msaada? Tulikuwa na sababu tuliyoiona njema. Mikono ile na sauti ile ni ya mama yetu, aliyejisitiri miaka sabini na kitu. Hatukutaka kadi yake ifunguliwe kwenye kompyuta ya biashara mbele ya vijana wasiojulikana, wala kutiwa katika simu ya jirani ikabaki humo. Siku moja tulikipeleka kimashine bila kadi kwa fundi wa simu. Alitusikiliza kwa nusu sikio huku anachomelea waya, akasema, "Hiyo ni kadi, Sheikh. Ifomati, itakaa sawa." Tuliporudi tukamweleza mama watoto. Akatuuliza, "Na kufomati ni nini, Maalim?" Tukasema ni kuisafisha. Akanyamaza kidogo, akaichukua kadi, akaifunga kwenye kona ya leso yake, akasema, "Mama hasafishwi. Tutasubiri mjuzi." Mwenyezi Mungu amlipe. Kufomati kadi ni kuipangusa kama ubao wa chuo; lau tungelifanya alivyosema yule fundi, pengine tusingelikuwa na la kuandika leo.

Mjuzi alikuja mwenyewe. Ni binti wa ndugu yetu, anayesoma mambo ya kompyuta Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro. Mwisho wa wiki mmoja alikuja kutusalimia na kipakatalishi chake begani. Mama watoto akamfungulia kona ya leso. Huyu ni mtoto wetu, na marehemu ni bibi yake. Sitara haikuvunjika kwa lolote. Tukajilaumu kwa nini hatukumwita miezi tisa nyuma.

Tulipoanza kumweleza kuwa binti yetu ndiye aliyekiharibu, alitukatiza kwa adabu: "Ami, nipe ruhusa tusimtaje mtu kwanza. Tuulize mashine." Akaomba daftari na kalamu. Akasema kila tutakalojaribu litaandikwa, na tutabadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, maana ukibadilisha mawili kitu kikapona, hujui kipi kilichoponya.

Kabla ya lolote alinakili video ile kwenye kipakatalishi chake, akanakili tena kwenye flashi tuliyokuwa nayo. Akasema mtu hafunui kidonda kabla ya kuweka dawa karibu. Tulikumbuka jambo ambalo twalisomesha kila mwaka na hatukulitia nyumbani mwetu: kwamba Qur'ani ilikusanywa katika zama za Sayyidna Abubakar baada ya mahafidhi wengi kuuawa katika vita vya Yamama, na kwamba Sayyidna Uthman alipeleka nakala katika miji mbalimbali. Umma mzima ulijua kuwa amana haiwekwi mahali pamoja, nasi tuliiacha sauti ya mama yetu katika kijikadi kidogo kuliko ukucha.

Kisha akaanza kuuliza mashine. Akakichaji kimashine hadi kikajaa, akajaribu. Kikafa dakika ya kumi na saba. Basi si betri. Akacheza video nyingine iliyomo kwenye kadi ile ile, ya kaswida za watoto wa madrasa, ikaenda hadi mwisho. Basi kioo ni kizima, na kadi inasomeka. Akairusha video ya mama hadi dakika ya ishirini, kimashine kikafa baada ya muda mfupi. Akairusha hadi ya thelathini, kikafa. Hapo akainua kichwa: "Ingekuwa ni doa moja limeharibika, tungeliruka tukapita. Hapa kuanzia kumi na saba kwenda mbele kote ni kuzito." Akarudisha menyu katika Kichina, kama ilivyokuwa siku ya kununuliwa, akajaribu mara nyingine. Kikafa palepale. Akaandika daftarini: lugha haihusiki. Hakutuangalia alipoandika, nasi tukamshukuru kwa hilo.

Mwisho akaifungua nakala kwenye kipakatalishi kwa programu ya VLC, ambayo haina malipo na inafungua takriban kila aina ya video. Dakika ya kumi na saba ikafika. Tulishika pumzi. Mkono wa mama ukanyanyuka, ukavuta pazia la dirisha lililo nyuma yake, mwanga ukaingia, na mti wa mwarobaini wa uani ukaonekana ukipepesuka kwa upepo wa kaskazi. Na mama akaendelea kusema.

Tulikaa chini. Mama watoto akaja, watoto wakaja. Hakuna aliyetoa sauti.

Alikuwa akisomesha habari ya deni: kwamba deni la maiti hutangulia wasia na mirathi, na kwamba mtu asidharau deni dogo kwa udogo wake. Kisha mikono ikaacha msahafu, ikashikana. Akasema, "Na miye mwenyewe, nilipokuja huko kwenu kwa ile baridi, nilichukua blanketi kwa mmoja wenu. Shilingi 2,800. Nilimuahidi nitampa mwezi ukiandama, nikasafiri kwa haraka, nikasahau. Nilipokumbuka nikaona haya kumtuma mtu kwa simu. Mwenyewe anajijua, simtaji. Mwanangu, unanisikia? Mlipe leo hii, kabla hawajainuka mkekani."

Lile ndilo la mwisho. Lile ndilo tulilomwambia kuwa tumelisikia.

Mama watoto alimjua mwenye blanketi mara moja, kwa kuwa alikuwepo siku ile. Ni mama anayeuza mablanketi na mashuka kwa kutembeza, na ni mwanafunzi wa darsa letu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikuwa akikaa mbele ya kimashine kile, akimsikiliza mdaiwa wake kwa dakika kumi na saba, kisha kinazima. Hakuwahi kutamka neno. Na blanketi lenyewe lilikuwa kitandani mwa binti yetu, limemkinga na baridi ya Nakuru miaka yote hii.

Tutaeleza sasa kilichokuwa kikikiua kimashine, maana wengi mtapata faida. Katika elimu ya hadithi tulifunzwa kutazama mawili, sanad na matini. Habari ikiyumba, huulizwa: kasoro iko kwa mpokezi au iko katika maneno yenyewe? Video yetu ilikuwa matini sahihi. Mpokezi ndiye dhaifu, tena si mwongo, ni dhaifu wa hifdhi. Wanavyuoni wengi walisema hivyo juu ya Abdullah bin Lahi'a, kadhi wa Misri, ambaye vitabu vyake viliungua na baadaye hifdhi yake ikayumba: hawakumwita mzushi, walipima tu ni kipi anaweza kukibeba.

Video ni picha nyingi zinazofuatana upesi. Kuzihifadhi zote nzima kungejaza kadi kwa dakika chache, kwa hiyo simu huzifunganya. Namna ya kufunganya huitwa kodeki; ya video yetu ilikuwa H.264, nayo ni ya kawaida tangu miaka ya 2000. Jina la MP4 tunaloliona mwishoni mwa faili ni kikapu tu. Halituambii kilichomo kimefunganywa vipi, ndiyo maana video mbili za MP4 huweza moja kucheza na nyingine kukataa. Sasa, siri ya kufunganya ni kuwa kisichosogea hakiandikwi upya. Kwa dakika kumi na sita za mwanzo palikuwa na mikono miwili, msahafu na pazia lililotulia; data ilikuwa kidogo, takriban megabiti 4 kwa sekunde, na kimashine kiliimudu. Pazia lilipovutwa, majani maelfu ya mwarobaini yakaanza kucheza, kila moja kwa upande wake, na simu ikalazimika kuyaandika yote. Kiwango kikapanda hadi kupita megabiti 12. Kimashine chenye kumbukumbu ndogo kikapokea zaidi ya kinachoweza kukifungua, kikalemewa, kikaanguka.

Aidha, picha ilirekodiwa kwa nukta 1280 kwa 720, ambazo ni nukta 921,600 kwa kila picha, ilhali kioo cha kimashine kina nukta 480 kwa 272, yaani 130,560. Kilikuwa kikibeba mzigo mara saba ya kile ambacho macho yetu yangeweza kuona. Mtoto wetu akatumia programu nyingine isiyo na malipo, HandBrake, akaipunguza picha hadi kipimo cha kioo na akaiwekea mpaka wa megabiti 1 kwa sekunde. Faili iliyokuwa na zaidi ya gigabaiti 2 ikawa megabaiti 320 hivi. Akaitia kwenye kadi mpya, na ile ya zamani akatuambia tuihifadhi kama ilivyo. Kimashine kikacheza dakika zote thelathini na nane, na majani ya mwarobaini yakapepea ndani yake bila kumdhuru yeyote.

Basi, akina mama, ikiwa kimashine chenu kinazima katikati ya video, msikimbilie kufomati wala kulaumu. Nakilini kwanza. Ujazeni moto wa betri mjaribu tena. Jaribuni video nyingine. Ikicheza, kimashine ni kizima. Irusheni mbele video yenye matatizo: ikipita salama baada ya pale, huenda ni sehemu moja tu ya faili iliyoharibika, isipopita, huenda ni uzito. Ifungueni kwenye kompyuta. Ikicheza huko, video ni nzima na inahitaji kupunguzwa tu. Msiichomoe kadi ilhali mashine inaandika, na mjue kuwa kadi nyingi zimepangwa kwa mtindo wa FAT32 usiopokea faili moja ya kufika gigabaiti 4. Kadi ya bei ya kutupa inayodai ukubwa wa ajabu, ipimeni kabla ya kuipa amana, kwa kuwa zipo zinazotangaza nafasi zisizokuwa nayo, na mnachokitia baada ya kujaa hupotea kimyakimya.

Zamani fundi hakuhitajika. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary aliporekodi msahafu mzima kwa usomaji wa tartili mwaka 1961, na baadaye sauti za wasomaji zilipotufikia pwani kwa kanda, kila nyumba ilijua kanda ikiliwa na redio hufanywa nini: unafungua kifuniko, unavuta utepe polepole, unauzungusha kwa penseli. Kasoro ilionekana kwa macho. Siku hizi haionekani, na kisichoonekana ndicho mtu hukimbilia kukitafutia mwenye kosa. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Hujurat tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Aya hiyo tumeisomesha mara nyingi tusizoweza kuzihesabu.

Jioni ile ile tulifuatana na mama watoto hadi kwa mwenye blanketi. Tulimpa shilingi 2,800 tukamweleza yote, pamoja na uongo wetu. Akasema, "Sheikh, mimi nilimsamehe siku niliposikia amefariki." Tukamwambia msamaha ni wake na malipo ni amri ya mama, apokee kimojawapo au vyote. Akafikiri, akacheka kidogo. "Sitasema uongo. Mwezi huu ada za shule zimenibana." Akazihesabu mbele yetu noti kwa noti, akasema zimetimia, akanyanyua mikono akamuombea mama. Tuliporudi tukawapigia ndugu zetu Mombasa tukawajuza kuwa tuligawa mirathi na deni liko mbele yake, na kwamba limelipwa.

Lilibaki deni moja. Binti yetu sasa anakaribia miaka kumi na mitatu. Tulimwita pale pale tulipomwita siku ile, mbele ya wale wale nduguze, kwa kuwa aliyevunjiwa heshima hadharani haombwi radhi faraghani. Tukamwambia, "Hukuharibu kitu. Sisi tulikudhulumu, na tulikunyima kusema. Tusamehe." Alitazama chini kwa muda. Kisha akasema, "Nilitaka kukwambia siku ile, Baba. Bibi alinambia video ikifika Nakuru nihakikishe wewe umeitazama mpaka mwisho."

Hatukuwa na jibu. Tulimpa kimashine mkononi mwake, na tangu Jumamosi ile yeye ndiye anayekiwasha.

Kuhusu lile neno tulilomwambia mama kwenye simu, hatuna mtu wa kumrudia. Twastaghfiru. Nanyi mtuombee, na mkiulizwa na wazazi wenu kama mmesikia, na ilhali hamkusikia, semeni hamkusikia. Watarudia. Wakiwa hai, watarudia.